Wenger ya zamani, Evolution au Victorinox ya milimita 91: uchukue kisu kipi?

Mnamo Januari 2013 kampuni ya Victorinox ilitangaza kwamba visu vya Wenger havitatengenezwa tena kwa jina hilo. Kwa zaidi ya karne moja Uswisi ilikuwa na watengenezaji wawili wa kile kisu chekundu cha kukunja chenye msalaba mweupe. Sasa akabaki mmoja. Jina la Wenger lenyewe halikufutwa, lilibakizwa kwenye saa na mabegi. Ndiyo maana unaweza kukuta begi la kompyuta la Wenger mgongoni mwa mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam ambaye hajui kwamba kampuni hiyo ilijengwa juu ya visu.

Kwa mnunuzi, uamuzi ule uliacha njia tatu. Ya kwanza ni kutafuta Wenger yenyewe, ama ya mtumba au iliyobaki dukani tangu enzi hizo. Ya pili ni Evolution: Victorinox haikuutupa mwili wa kisu cha Wenger, iliuchukua, ikaupa chapa yake na kuanza kuuuza mwaka 2014 kama mkusanyo wa Delémont, jina la mji wa Wenger. Ya tatu ni Victorinox ya kawaida yenye mwili wa urefu wa milimita 91, ile ya modeli za kina Spartan, Climber na Huntsman, ambayo haina damu ya Wenger kabisa. Nimeona watu wengi wakikwama hapa, hasa wale waliorithi Wenger kwa mzazi, ikapotea, na sasa wanatafuta ya kuziba pengo.

Ilivyokuwa mpaka ikafika hapa

Historia hii inafaa kuijua kabla ya kutoa pesa, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini visu viwili vinavyofanana kwa mbali vinatofautiana sana ukivishika.

Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884 huko Ibach, jimbo la Schwyz, eneo la Uswisi wanakozungumza Kijerumani. Jeshi la nchi hiyo lilitaka kisu cha askari cha kufungua makopo ya chakula na kutenganisha sehemu za bunduki, na shehena ya kwanza ililetwa kutoka Solingen, Ujerumani. Elsener hakukubali kazi hiyo ifanywe nje. Mwaka 1891 visu vya mafundi wa Uswisi vikaanza kupelekwa jeshini, na mwaka 1897 akatoa kisu chepesi cha maofisa, chenye ubapa wa pili na kizibuo cha chupa za mvinyo. Jina la Victorinox limetoka kwa mama yake, Victoria, likaunganishwa mwaka 1921 na neno "inox", la chuma kisichoshika kutu.

Wenger ilitokea upande wa pili wa nchi, katika eneo la Jura wanakozungumza Kifaransa. Ilianza mwaka 1893 huko Courtételle, kisha ikahamia mji wa jirani wa Delémont. Mwaka 1908 serikali iliamua kugawa zabuni ya jeshi nusu kwa nusu, Schwyz na Jura, ili upande mmoja usilalamike kwamba umenyimwa. Mgawo huo ndio uliozifanya kampuni hizo mbili zitakiwe kutengeneza kisu kimoja cha askari, huku zikishindana vikali kwenye visu vya raia.

Halafu ikaja Septemba 2001. Viwanja vya ndege vikapiga marufuku visu ndani ya ndege, na mauzo ya zawadi kwa wasafiri, yaliyokuwa mkate wa kampuni zote mbili, yakaporomoka. Victorinox ilitikisika ikasimama. Wenger haikusimama vizuri. Mwaka 2005 Victorinox ikainunua, kwa nia ya kukibakiza kisu cha jeshi la Uswisi mikononi mwa Waswisi, na kwa miaka minane ikaziendesha chapa zote mbili sambamba. Katika kipindi hichohicho Wenger ilitoa lile dubwana lake, kisu chenye zana 87, ambalo hakuna mfuko wa kulibeba.

Nasikitikia kupotea kwa ushindani huo. Mafundi wa Ibach na wa Delémont walipewa tatizo moja wakaja na majibu tofauti, na baadhi ya majibu ya Delémont yalikuwa bora. Bahati njema ni kwamba mengine bado yanauzwa.

Vigezo

Nitavipima kwa mambo matano: kinavyokaa mkononi na mfukoni, zana zake, kujifunga kwa ubapa na sheria ya mahali ulipo, vipuri na dhamana, kisha upatikanaji na bei.

Chuma sikukiingiza kwa sababu hakiamui kitu hapa. Victorinox hutumia chuma kisichoshika kutu chenye ugumu wa takriban 56 kwa kipimo cha Rockwell. Hakitunzi makali muda mrefu kama vyuma vya visu vya bei kubwa, lakini kinanoleka upesi kwa kinoo cha kawaida, na ukikifuta baada ya kukata ndimu hakina shida na unyevu wa pwani. Evolution ni chuma hichohicho, na Wenger ya zamani kwa kazi za kila siku ni ya daraja hilo.

Mkononi na mfukoni

*Wenger ya zamani.* Mwili wake wa kawaida una urefu wa milimita 85. Tofauti ya milimita sita na Victorinox unaweza kuipuuza mpaka uviweke vyote viwili kiganjani. Wenger hupotea ndani ya ngumi, na mwenye mkono mdogo huipenda mara moja. Mwenye kiganja kipana atahisi kidole cha mwisho hakina pa kushika.

*Evolution.* Huu ni mwili uleule wa milimita 85, ila mpini umepindwa kufuata kiganja. Umbo hili lilibuniwa Wenger kabla ya mwisho wake. Upo wa plastiki tupu, upo wenye vipande vya mpira vya kuzuia kuteleza, na upo wa mbao ya mjozi. Kwa kazi ya kusukuma na kuzungusha, katika visu hivi vitatu sijashika kinachokaa vizuri zaidi, hasa ule wa mpira ukiwa na mikono yenye mafuta. Tatizo lake ni mfuko: ni mnene katikati, na kwenye suruali ya kitambaa chepesi unaonekana.

*Victorinox ya milimita 91.* Umenyooka na hauna majivuno. Spartan ni mwembamba, uzito wake kama gramu 60, unaweza kuusahau mfukoni mpaka uuhitaji. Huntsman, wenye mkasi na msumeno, unakaribia gramu 100 na unaanza kujihisi. Ukibana mpini wake muda mrefu, kona zake hukumbusha kiganja kwamba haukuumbwa kwa kazi nzito.

Zana

Hapa ndipo watu wanapoamulia, na wana haki.

Anza na mkasi. Ule wa Victorinox una makali laini, na hujifungua kwa kispringi kidogo kama ulimi kilichopachikwa kati ya mikono yake. Unakata safi mno: uzi, plasta, kona ya pakiti ya dawa. Lakini kile kispringi ndicho hukatika au kuruka. Uzuri ni kwamba kinauzwa peke yake, na ukiwa na kibanio na subira unakirudishia mwenyewe mezani. Wenger walikataa kispringi hicho. Mkasi wao unafanya kazi kwa wenzo, na makali yake yana meno madogo sana yanayoshika kitu kisiteleze. Kwa kamba ya nailoni, kitambaa kigumu au kucha za miguu, mkasi wa Wenger unaushinda wa Victorinox. Kwa karatasi unayotaka ikatike mstari safi, wa Victorinox unaushinda wa Wenger. Evolution zenye mkasi zimeurithi huo wa Delémont, kwa hiyo kama ndio uliokufanya uitafute Wenger, huna haja ya kuzunguka mitumbani.

Bisibisi ndiyo zawadi kubwa zaidi ya Delémont. Kila aliyetumia kisu cha kukunja kufungua skrubu iliyokaza anajua hofu ile: unasukuma, bisibisi inaanza kukunjika, vidole viko njiani. Ile kubwa bapa ya Wenger, ambayo pia hufungua soda, hujifunga yenyewe unapoikandamiza kwenye skrubu, na ukiachia mkono inakunjika kama kawaida. Evolution nayo inayo. Victorinox ya 91 hutegemea nguvu ya springi ya mgongoni peke yake. Kwa skrubu za soketi ya umeme au bawaba ya mlango springi hiyo inatosha. Kwa skrubu iliyoshika kutu haitoshi, na hapo afadhali uchukue bisibisi yenyewe.

Lakini Victorinox ya 91 ina mambo madogo ambayo hutayathamini mpaka uyakose. Ncha ya kifungua kopo chake ni bisibisi ndogo inayoingia hata kwenye skrubu nyingi za nyota. Ndani ya mzunguko wa kizibuo unaweza kuchomeka kibisibisi cha skrubu za miwani. Mgongoni, modeli nyingi zina ndoano ya kubebea mfuko wa sokoni ambao waya wake unakata vidole. Na kitoboleo chake kwenye modeli nyingi kina tundu la kupitisha uzi: ukiwa na mkanda wa begi uliochanika na uzi mnene, unashona.

Msumeno upo pande zote kwa modeli zilizonao. Wa 91 ni mrefu kidogo, hivyo kila msukumo unakata zaidi. Aina za zana Victorinox inazo nyingi kuliko wote: kikuza maandishi, koleo, patasi ndogo, vyote unaweza kuvipata mpaka ufikie SwissChamp yenye kazi 33. Evolution ina chaguo chache, na hilo si kosa, ila lijue kabla.

Kwa wanaotaka kisu cha kwenye funguo, hadithi ni hiyohiyo kwa udogo. Wenger walikuwa na Esquire ya milimita 65, Victorinox wana Classic SD ya milimita 58. Kikata kucha halisi, si tupa tu, kilikuwa ubunifu wa Wenger, na kimeendelea kuishi kwenye kile Victorinox wanachokiita Nail Clip 580.

Kujifunga kwa ubapa, na sheria

Wenger ya kawaida ya 85 na Victorinox ya 91 hazina loki ya ubapa, yaani kizuizi cha kuuzuia usijikunje ukiwa wazi. Baadhi ya Evolution, zile zenye herufi S kwenye jina, zina loki; zisizo na S hazina. RangerGrip, zile kubwa za milimita 130 zinazotokana na Wenger, zimejengwa kwa loki.

Loki ni salama kwa anayechonga mti au kuchuna mnyama. Kwa anayeishi mjini Ulaya inaweza kuwa mzigo. Uingereza, kisu cha kukunja kisicho na loki chenye makali yasiyozidi inchi 3 unaruhusiwa kukibeba hadharani bila kutoa sababu. Chenye loki hakimo kwenye ruhusa hiyo, hata kiwe kidogo vipi. Unahitaji sababu ya maana. Ujerumani nayo inabana ubebaji wa visu vyenye loki vinavyofunguka kwa mkono mmoja. Ndugu aliyeko London akitaka kujinunulia Evolution, asome jina mpaka herufi ya mwisho.

Kwenye ndege hakuna mjadala: kisu kinakaa kwenye begi unalokabidhi kaunta. Wengi wamevitupa kwenye ndoo za ukaguzi visu walivyorithi kwa sababu vilikuwa kwenye funguo wakavisahau.

Vipuri na dhamana

Victorinox ya 91 haina mpinzani hapa. Mipini, vijiti vya meno, vibanio na springi za mkasi zinauzwa kila mahali mtandaoni, za kiwandani na za watengenezaji wengine. Mpini mwekundu ukipasuka kwa kuanguka kwenye sakafu ya saruji, unaubandua na kubandika mwingine. Dhamana ya kasoro za kiwandani haina ukomo wa miaka.

Evolution inafunikwa na dhamana hiyohiyo, ila mipini yake haibadilishani na ya 91, na vipuri vya kununua mwenyewe ni adimu zaidi.

Visu vya Wenger Victorinox iliahidi kuvisimamia baada ya kuimeza kampuni, na hilo ni jambo la heshima. Lakini zana ya Wenger iliyovunjika haitengenezwi tena kwa jina lile, hivyo fundi akishindwa huenda ukapewa kisu kingine badala ya kile ulichopeleka. Kama ni kisu cha marehemu baba, usikitume kabla hujauliza watakifanya nini.

Upatikanaji na bei

Spartan na wenzake unawapata kwenye miji mingi mikubwa, na ndio wa bei nafuu kwa kisu kipya. Evolution mara nyingi iko juu kidogo, na duka dogo huenda lisiwe nayo. Wenger bei yake haitabiriki: modeli za kawaida zilizotumika mara nyingi ni rahisi kuliko Spartan mpya, ila zile wakusanyaji wanazozifukuzia hupanda bila kikomo.

Ukinunua ya mtumba, kagua haya. Soma maandishi kwenye shingo ya ubapa, uone jina la Wenger au Delémont. Tazama nembo: msalaba wa Wenger umekaa ndani ya mraba wenye kona za mviringo, wa Victorinox ndani ya ngao. Visu feki vyenye misalaba ya kubuni ni vingi, na hujifichua kwenye mianya kati ya zana na ubapa unaofunguka bila ule mlio wa kukatika mwishoni. Kisha funga kisu na utazame ncha ya ubapa. Kama imeinuka nje ya mwili, kimenolewa mpaka kimekwisha na kitakuchoma ukitia mkono mfukoni. Mwisho, bonyeza bisibisi kubwa kwenye ubao uone kama bado inajifunga. Kama haijifungi, sababu kuu ya kuitafuta Wenger imeondoka.

Kipi kwa nani

Ukiwa unataka kisu kimoja cha kubeba kila siku, cha kukata embe, kufungua mzigo na kukaza skrubu ya mlango, Spartan au Climber itakutosha. Climber ina mkasi, na kwa watu wengi mkasi ndiyo zana inayotumika kuliko zote baada ya ubapa.

Ukiwa fundi, au muongoza watalii anayeshinda nje na mikono iliyolowa, Evolution yenye mpira itakuheshimu zaidi. Ukiishi kwenye sheria nyepesi na kazi ni nzito, chukua yenye S au nenda moja kwa moja kwenye RangerGrip. Ukiwa Uingereza, chukua isiyo na S.

Ukiwa ulikuwa na Wenger ikapotea na unachokikosa ni mkasi wake au bisibisi yake, nunua Evolution. Zana hizo zimo, ni mpya, na zina dhamana. Ukikosa umbo lile lililonyooka la milimita 85, hapo Evolution haitakuridhisha. Subiri Wenger ya mtumba iliyo safi, usiwe na haraka.

Ukinunulia mtoto kisu cha kwanza, Wenger ndogo ya 85 ingekaa vizuri mkononi mwake, lakini mtoto hupoteza vitu. Mpe kitu kinachopatikana dukani. Evolution isiyo na loki ina mpini unaoshikika vizuri. Spartan ni nyepesi na bei yake haiumi. Mshikishe vyote viwili achague.

Na ukiwa mkusanyaji, kuna kisu kimoja kinachoizunguka hoja yote hii: kile cha askari cha modeli ya 1961, chenye mpini wa alumini wa rangi ya fedha na urefu wa milimita 93. Kampuni zote mbili zilikitengeneza kwa jeshi hadi mwaka 2008, kwa vipimo vilevile, na mwaka wa kutengenezwa umegongwa kwenye ubapa. Kilichokifuata, cha milimita 111 na chenye loki, kilikwenda kwa Victorinox peke yake. Kwa matumizi, jina lililo kwenye ubapa wa kisu cha 1961 halibadilishi chochote, kwa hiyo nunua chenye hali nzuri zaidi. Kwa kabati, tafuta jozi ya mwaka mmoja, mmoja wa Ibach na mmoja wa Delémont.